Vitambaa vya Tarehe Kumi

Wazee waliosema mficha uchi hazai hawakuwa wakimtuma mtu atembee bila nguo. Walikuwa wameishi na binadamu wakamjua. Walimwona akifunika kidonda kwa kitambaa kizuri huku kinamla mfupa, wakamsikia akimjibu tabibu "sijambo" na homa imempanda kichwani. Walichotaka kusema ni kwamba aibu ikionyeshwa kwa mwenye uwezo wa kusaidia hupata dawa, na ikisitiriwa mno huozea pale pale ilipositiriwa. Wapo wanaoicheka methali hii kwa sababu ya neno lililomo ndani yake. Mwanamke wa hadithi hii aliwahi kuicheka pia, zamani, mwili wake ukiwa bado una nyama na cherehani yake iko karibu na mlango.

Kazini walimwita Kipimo. Karakana ilishona magauni ya kuuzwa madukani, na ilikuwa jengo refu la bati lenye cherehani arobaini zilizopangwa kwa mistari minne. Vumbi la pamba lilielea humo tangu asubuhi, hata mtu akipenga kamasi inatoka na rangi ya kitambaa cha siku hiyo. Alikaa humo miaka sita akikohoa pamoja na wenzake. Kisha siku moja sanamu ya kupimia nguo ikaanguka na kupasuka, na Bosi, mwanamke mwenye miwani ya kamba na haraka zisizokwisha, akapita kati ya mistari na tepu mkononi akitafuta mwili unaolingana na ule wa sanamu. Tepu ikamwangukia yeye.

Tangu hapo kazi yake ikawa kusimama. Alisimama juu ya kijukwaa cha mbao katika chumba cha kukatia, chumba chenye dirisha na feni, huku mkataji mkuu akimzunguka na pini mdomoni. Mkataji huyo aliitwa Mzee Mkasi, kwa kuwa mkasi wake ulining'inia shingoni hata msibani. Kila gauni lililotoka kwenye karakana ile lilipita kwanza mwilini mwa Kipimo. Watu ambao kwa miaka sita hawakujua kama yupo au hayupo wakaanza kumsalimia, naye akaonja utamu wa kujulikana, na utamu huo si kitu cha kuchezea.

Mwaka wa pili akaja mteja mkubwa.

"Anataka sampuli ndogo," Bosi alisema asubuhi moja bila hata kukaa. "Kiuno inchi ishirini na sita. Huyu ana ngapi?"

"Ishirini na tisa," Mzee Mkasi akajibu, pini zikicheza mdomoni. "Na inchi zake tatu zina heshima zao, bora tuziache."

"Mzee, leo sina nafasi ya mzaha. Ama kiuno kishuke, ama arudi kwenye cherehani nitafute mwingine. Sina ugomvi na mtu. Nitapima kila Jumatatu."

Kipimo hakurudi kwenye cherehani. Asubuhi alikunywa chai kavu. Mchana wenzake walipofungua vyakula vyao alitafuna nusu tango akisema ameshiba nyumbani, na jioni nyumbani akasema ameshiba kazini. Hivyo akawa mtu aliyeshiba kila mahali na asiyekula popote. Alipopanda ngazi magoti yalimtetemeka. Alivaa sweta wakati wenzake wanajipepea, na nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Lakini kila Jumatatu tepu ilisoma vizuri, Bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kutikisa kichwa kule kukawa ndicho chakula chake.

"Ukipungua tena, binti yangu, nitakuwa napima hewa," Mzee Mkasi alimwambia siku kiuno kilipofika ishirini na sita. Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akashughulika na chaki yake.

Nyumbani aliishi na mumewe na mama mkwe, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mpana. Mume alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Walikuwa na miaka miwili ya ndoa bila mtoto, na alikuwa ameanza kujenga chumba cha nne nyuma ya nyumba, mstari mmoja wa tofali kila Jumapili. Hakusema ni cha nani. Mama mkwe alikuwa dobi. Ua wote ulikuwa wake: mabeseni, kamba sita za kuanikia, pasi ya mkaa na harufu ya sabuni isiyotoka hata mvua ikinyesha. Huyu mama alisoma nguo kama wengine wanavyosoma gazeti. Kola ilimwambia nani anafanya kazi juani, na foronya ikamwambia nani halali usiku.

Nyuma ya bafu palikuwa na kamba fupi ya saba, ya Kipimo peke yake. Hapo alianika vitambaa vyake vya siku za mwezi, alivyojishonea kwa mabaki ya flana nyeupe ya karakana. Alivifunika kwa taulo kuukuu ili asivione mwanamume. Mama mkwe alipita, akaona taulo, akajua, akanyamaza. Ndiyo adabu ya mambo hayo.

Kiuno kilipozidi kushuka, siku zake zikawa haba. Kisha zikachelewa. Kisha mwezi mmoja hazikuja kabisa, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Alikimbilia duka la dawa akanunua kipimo cha mimba. Hakuna kitu. Akarudi wiki ya pili. Hakuna kitu. Mwezi uliofuata akamnong'oneza shoga yake wa zamani wa mstari wa pili wa cherehani.

"Mwenzangu, mimi nilipougua nikakonda zilikatika hivyo hivyo," shoga akamwambia. "Daktari akaniambia mwili wenye njaa haushughuliki na mambo ya watoto. Nilipokula zikarudi. Nenda hospitali, usichezee."

Kwa hiyo alijua, na hili lisisahaulike. Hakuwa mtu aliyepotea gizani; taa iliwashwa mbele yake, akaizima mwenyewe. Alijua daktari atamwambia ale. Alijua akila tepu itasema Jumatatu, na cherehani inamngoja katika vumbi lile. Akajipa miezi mitatu tu, hadi msimu wa mteja mkubwa uishe, kisha atakula na kila kitu kitarudi mahali pake. Kilichobaki ilikuwa ni kamba ya saba, kwa sababu kamba tupu ingemfanya mama mkwe aulize.

Tarehe kumi ya mwezi uliofuata, alichukua kabatini vitambaa vipya vya flana, maana vile vya zamani vilikuwa vimechakaa, akavilowesha, akavikamua, akavianika nyuma ya bafu na kuvifunika kwa taulo. Siku nne. Mwezi wa pili yake akafanya tena. Msimu wa mteja uliisha na msimu mwingine ukaanza. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa mwaka, na kila tarehe kumi vitambaa vikavu viliteremka kabatini kwenda kuloweshwa, kama watu wanaoitwa kuhesabiwa.

Ukuta wa chumba cha nne ulipofika usawa wa dirisha, mume akasimama kujenga. Siku moja akarudi na karatasi mfukoni, akaketi jikoni walipokuwa wanawake wote wawili.

"Nimekwenda kupimwa," akasema akitazama sakafu. "Wanasema hawaoni kasoro kwangu. Wanasema twende wawili."

Kipimo akadakia. "Twende wawili kufanya nini? Mimi nina kasoro gani? Siku zangu haziruki hata mwezi mmoja. Muulize mama."

Mume akamgeukia mamake. Mama alikuwa akinyoosha shati, na pasi ikakawia mahali pamoja mpaka kitambaa kikaanza kunuka moto.

"Vitambaa naviona," akasema, akaondoa pasi.

Mume aliikunja ile karatasi mara nne. Akaamini kwamba mashine za hospitali zilikosea na kasoro ni yake, imejificha mahali wasipoweza kuona. Akatafuta muuza mitishamba. Akaanza kunywa dawa nyeusi katika chupa ya maji ya kunywa, kikombe kila asubuhi, chungu hata machozi yakamtoka na tumbo likamkata mpaka adhuhuri. Alijikunja juu ya jukwaa la ujenzi akiwa ameshika ubavu. Akaacha kahawa, akaacha kwenda kutazama mpira, akaacha kuwatembelea rafiki zake waliokuwa na watoto. Kipimo alikuwa akimpa maji ya kusuuzia mdomo. Kila asubuhi alimpa yale maji, na kila asubuhi neno lilimfika kooni likarudi. Alimpenda mumewe, na huo ndio ubaya wa jambo lenyewe. Kama hangempenda, angalau angekuwa amelala usingizi.

Siku ya kufichuka haikuwa na ngurumo. Ilikuwa Jumatatu. Bosi alipima, akatikisa kichwa, akatoka. Mzee Mkasi akatoa pini ya mwisho begani na kusema, "Shuka, binti." Kipimo akashuka kutoka kwenye kijukwaa, hatua moja, urefu wa kreti ya soda. Kitu kikalia ndani ya mguu kama kijiti kikavu, naye akakaa chini akiwa bado na gauni la watu mwilini.

Hospitali ilikuwa jirani. Mama mkwe alifika mbio, mikono ina povu. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga akaitazama muda mrefu.

"Umeanguka kutoka wapi?"

"Sikuanguka. Nilishuka tu."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

Daktari akaishusha picha. "Mfupa huu si wa miaka ishirini na tisa. Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Kipimo alimtazama mama mkwe aliyemshika bega. Angeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa wazi kuliko ulivyowahi kuwa.

"Tarehe kumi," akasema.

"Ya mwezi huu?"

"Ndiyo."

Kalamu ikaanza kuandika.

"Futa hiyo, daktari," mama mkwe akasema.

Kalamu ikasimama.

"Mimi ni dobi, mwaka wa thelathini sasa. Damu nimefua ya wazazi, ya majeruhi, ya wauza nyama. Ikipita kwenye kitambaa cheupe haitoki yote, utafua mpaka ngozi ikuchubuke na kivuli kitabaki. Vitambaa vya mwanangu huyu havina kivuli. Na damu ya mwanamke haiitazami kalenda ya ukutani. Leo inakuja tarehe nane, mwezi ujao kumi na mbili. Yake yeye inakuja tarehe kumi kama mshahara wa serikali."

"Mama," Kipimo akasema kwa sauti isiyotoka vizuri. "Ulijua?"

"Nilijua, mwaka mzima huu, tangu upepo ulipoinua lile taulo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Mkwe haulizwi nguo zake za siri. Nilisema atanijia mwenyewe siku moja, atakaa hapa kwenye beseni aniambie. Nikangoja. Na wewe ukaanika." Mama alijifuta povu kwenye nguo yake. "Nami niliona haya, mwanangu. Sote wawili tuliona haya."

Daktari alivuta kiti akakaa karibu. Akaeleza polepole kwamba mwili hugawa chakula kama mama mwenye chungu kidogo na watu wengi. Kwanza moyo, kwanza ubongo. Mtu akikonda sana kwa kujinyima, ubongo husitisha shughuli za uzazi, kwa kuwa hakuna akiba ya kulea mtoto. Siku zikikatika hivyo, ile nguvu inayotoka kwenye kizazi kulinda mifupa nayo hukatika. Mifupa huliwa kimya kimya. Haiumi, mpaka siku ivunjike.

"Ungekuja mwezi wa tatu au wa nne, ningekuandikia sahani ya chakula na kukutazama tu," akasema. "Sasa tutapima damu, tuhakikishe hakuna sababu nyingine. Utakula, utaongezeka uzito. Siku zako huenda zikarudi, lakini siwezi kukuahidi ni lini. Mifupa sijui itarudi kiasi gani. Ni muda gani kwa kweli?"

"Mwaka na miezi minane."

Kitu kikagonga mlango, si kwa kubisha hodi. Mume alikuwa ameegemea fremu, saruji imemkauka mpaka kwenye viwiko, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Aliingia. Akatoa mfukoni ile chupa ya maji yenye dawa nyeusi, imebaki robo, akaiweka kitandani karibu na mguu uliovimba.

"Ungeniambia una njaa, ningekulisha," akasema. "Ungeniambia umekauka, ningekubeba mgongoni nikulete hapa. Mtoto tungesubiri hata miaka kumi, mimi sina haraka, mimi ni mwashi." Akaisukuma chupa kwa kidole. "Lakini ulinitazama nikinywa. Kila siku ulinipa maji, ukanitazama nikinywa."

Kipimo aliichukua ile chupa akaishika kwa mikono miwili.

Mume hakupiga mtu wala kuvunja kitu. Aliuguza mguu wa mkewe mpaka plasta ilipoondolewa, akampikia uji kwa mikono yake. Kisha akaenda kwenye ujenzi wa bwawa, mbali, na kutoka huko akaleta maneno machache ya kuachana kupitia kwa mamake. Ukuta wa chumba cha nne ukabaki usawa wa dirisha, na majani yakaota juu yake.

Karakana nayo ilikuwa imempata mwingine kabla plasta haijakauka, msichana wa mstari wa tatu. Kipimo alirudi kwenye cherehani na jina lake la kuzaliwa. Alikanyaga pedali kwa mguu mmoja, maana ule mwingine uliuma kila hali ya hewa ilipobadilika. Alipanga chumba kimoja mtaa wa pili akala kama mtu anayemeza dawa, kijiko baada ya kijiko, bila hamu na bila kuacha. Siku moja msichana yule mpya alipita na nusu tango mkononi. Kipimo akamuuliza kwa sauti, mbele ya cherehani zote arobaini, "Siku zako ziko sawa?" Wengine waliinamisha macho na mmoja akacheka. Msichana akasema ziko sawa, akaenda zake haraka.

Mwaka na nusu ulipita. Jumamosi moja asubuhi, akiwa anafagia, alihisi maumivu ya kiuno aliyokuwa ameyasahau. Alisimama na fagio mkononi asiamini. Kisha akaketi kitandani akalia, na mwenyewe hakujua kama ni furaha.

Siku ya nne mchana alivifua vile vitambaa vya flana kwa maji baridi. Akavitoa nje, akavianika kwenye kamba ya mbele, juani, bila taulo. Majirani na watazame na waseme.

Mama mkwe wa zamani alikuwa akipita na mzigo wa nguo zilizopigwa pasi, amezoea kupita njia ile kumjulia hali. Alisimama mbele ya kamba. Akashika ncha ya kitambaa kimoja, akakitazama kwa jicho la kidobi mpaka akakiona kivuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zimerudi?"

"Zimerudi, mama."

Mama aliukalisha mzigo chini, na kwa muda akawa ananyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka tayari.

"Bora nikuambie mimi, usisikie kwa watu," akasema. "Mwenzio huko bwawani alioa, unajua. Mkewe amejifungua juzi. Mtoto wa kike. Wananiita nikamwogeshe."

Kipimo alikubali kwa kichwa. Akasema hongera, mama, na alisema kwa moyo mmoja, na moyo huo ulikuwa unapasuka. Mama alimshika mkono wakakaa hivyo mpaka nguo za watu zilipoanza kupata vumbi. Kisha akajitwika mzigo wake akaenda kufunga safari ya kumwona mjukuu. Kipimo akabaki na vitambaa vyake vinne vilivyokuwa vinakauka hadharani, vimechelewa zaidi ya miaka mitatu, vimechelewa ndoa nzima. Ilikuwa tarehe kumi na saba. Mficha uchi hazai.